Asiyekubali Kushindwa: Kitabu cha Guevara juu ya Vita vya Fizi na Suala la Kiswahili

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii husikika sana barazani, pale mchezaji wa bao aliyekwisha kuliwa kete zake anaposita kuinuka ili kumpisha mwenziwe. Hata hivyo, methali ina upande wa pili usiotamkwa. Kukubali kwamba umeshindwa ni jambo moja. Kujua ni kwa nini umeshindwa ni jambo jingine, nalo ni gumu zaidi. Vijana wa siku hizi wanaoshindana katika michezo ya vita ya kompyuta, ambayo haina zamu na ambamo pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, wanalijua jambo hili vyema. Baada ya kushindwa, mchezaji makini huutazama upya mchezo wote uliohifadhiwa na mashine, na humo huyaona hata yale ambayo mpinzani wake aliyatenda gizani. Mwandishi wa kumbukumbu za vita hana bahati hiyo. Yeye huurudia mchezo akiwa ameketi upande mmoja tu wa ubao.

Makala haya yanahakiki kitabu cha Ernesto Che Guevara kiitwacho Pasajes de la guerra revolucionaria: Congo, ambacho kinasimulia miezi saba ya vita katika milima na mwambao wa Fizi, Kivu ya Kusini, mwaka 1965. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kitabu hiki kinakiri kushindwa kwa uaminifu ambao ni nadra kuonekana katika maandishi ya makamanda, na kwamba miongoni mwa makosa kinayoyakiri limo kosa la kutojifunza Kiswahili. Pamoja na hayo, namna kitabu kilivyosimuliwa inalirudia kosa hilo hilo. Ili kulidhihirisha jambo hili, kitabu kitalinganishwa kwa ufupi na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), ambayo nayo inashughulikia kushindwa, dawa ya vita na mafunzo yanayobakia.

2.0 Kitabu na Vita Vyake

Uasi uliojulikana kama uasi wa Simba ulienea mashariki mwa Kongo mwaka 1964. Baada ya Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kutwaliwa tena mnamo Novemba 1964 kwa msaada wa askari wa miavuli wa Ubelgiji, eneo la Fizi na Baraka lilibaki kuwa ngome kubwa ya waasi upande wa mashariki. Guevara aliwasili huko tarehe 24 Aprili 1965, baada ya kuvuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kushuka Kibamba pamoja na kikundi cha kwanza cha Wakuba. Waliomfuata baadaye waliifanya idadi yao izidi 100. Aliondoka kwa njia hiyo hiyo ya ziwani mnamo Novemba 1965. Siku chache baadaye, tarehe 24 Novemba, Jenerali Mobutu alitwaa madaraka mjini Léopoldville.

Matukio makubwa ya vita hivyo yanafahamika. Mnamo Juni 1965 alizama ziwani Léonard Mitoudidi, kiongozi ambaye Guevara alimtegemea. Mwishoni mwa mwezi huo shambulio dhidi ya kituo cha umeme cha Bendera lilishindwa. Wakuba wanne waliuawa, na shajara iliyookotwa kwa mmoja wao ikawafichulia maadui kwamba Wakuba wamo vitani. Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa kiongozi wa eneo hilo, alifika uwanja wa vita mwezi Julai, akakaa siku chache tu na kurejea ng'ambo ya ziwa. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare, wakishirikiana na jeshi la serikali, walishuka kutoka ziwani karibu na Baraka, na mwezi Oktoba Fizi nayo ikaanguka. Ndege na mashua zilizosaidia kazi hiyo zilikuwa na Wakuba pia, lakini wale waliokuwa uhamishoni na wenye kutumikia Marekani. Mwezi huo huo Rais Kasa-Vubu alimwondoa Tshombe katika uwaziri mkuu, na nchi za Afrika zikakutana Accra. Muda si mrefu Tanzania ikaiomba Cuba isitishe msaada wake wa kijeshi.

Guevara alikiandika kitabu chake Dar es Salaam, katika nyumba ya ubalozi wa Cuba, mara tu baada ya kuondoka Kongo. Kitabu hakikutolewa wakati huo. Sehemu zake zilianza kujulikana kwa wasomaji wengi mwaka 1994, kupitia kitabu cha Paco Ignacio Taibo II na wenzake wawili, na maandishi kamili yakachapishwa mwaka 1999. Kwa hiyo kitabu kilikaa gizani kwa zaidi ya miaka 30, na kilipotoka, yule kiongozi kijana ambaye mwandishi alimsifu kwa kipaji na kumlaumu kwa kukosa uthabiti alikuwa ndiye rais mjini Kinshasa.

3.0 Fizi na Baraka katika Macho ya Msimulizi

Kifani, kitabu kinajengwa juu ya ungamo. Tangu mwanzo msomaji anaarifiwa kwamba atakachosoma ni habari za kushindwa. Uamuzi huu unaondoa taharuki ya kawaida ya hadithi za vita. Msomaji hangoji kujua nani atashinda, bali anangoja kujua kosa lilianzia wapi. Mwandishi naye hajifichi. Ghadhabu zake, ukimya wake, na siku alizopoteza kambini akisubiri ruhusa ya kwenda mstari wa mbele vimewekwa wazi.

Sura zinazohusu safari yake ya Fizi na Baraka mnamo Agosti 1965 zinaonyesha nguvu na udhaifu wa mtindo huo. Guevara anauona mji wa Fizi, pamoja na udogo wake, kuwa ndio mkubwa kuliko yote aliyofika nchini Kongo. Huko alipokewa na Jenerali Moulane, aliyevaa kofia ya mwendesha pikipiki iliyofunikwa ngozi ya chui. Wakuba wakambandika jina la mwanaanga. Ni kipande cha tashtiti kilichoandikwa kwa ustadi, na msomaji hawezi kuzuia tabasamu. Lakini mhakiki hana budi kuuliza ngozi ile ya chui ilikuwa na maana gani kwa wale waliokuwa wakiitazama. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati, ngozi ya chui ni vazi la mamlaka. Aliyeivaa alikuwa akisema jambo kwa watu wake, na jambo hilo lilieleweka na kila mtu uwanjani isipokuwa mgeni aliyekuwa akiliandika. Inawezekana kwamba Moulane alikuwa kamanda dhaifu. Guevara anatoa sababu za kuamini hivyo. Hata hivyo, kicheko si ushahidi, na katika kipande hiki kicheko kimechukua nafasi ya ushahidi.

Kuna kurasa chache zenye joto, ambamo wakulima wanampokea mwandishi vijijini naye anawatibu wagonjwa wao. Lakini hata humo wenyeji hupita kama umati. Wanaimba, wanapiga ngoma, wanashukuru. Ni mara chache sana mmoja wao anasimama na kusema kitu ambacho msimulizi hakukitarajia. Kuhusu anguko la Baraka, Guevara mwenyewe hakuwako huko. Kwa upande wa pili wa ubao, Hoare, ambaye kitabu chake Congo Mercenary kilitoka mwaka 1967, anakiri kwamba upinzani alioukuta Baraka ulikuwa mkali kuliko alivyotazamia. Anaueleza kwa kudhani kwamba nyuma yake walikuwapo Wakuba. Basi hapa pana jambo la kustaajabisha: kamanda wa upande mmoja hawasadiki wapiganaji wa Fizi na Baraka kwa kuwa hawakupigana mbele yake, na kamanda wa upande wa pili hawasadiki ingawa walipigana mbele yake. Waliokuwamo ndani ya vita wenyewe hawasikiki katika kitabu chochote kati ya hivi viwili.

4.0 Lugha na Kushindwa

Katika sehemu ya mwisho ya kitabu Guevara anajihukumu. Miongoni mwa mashtaka anayojitwisha ni kwamba hakujifunza Kiswahili upesi wala kwa kina. Anatoa pia sababu: Kifaransa alichokijua kilimwezesha kuzungumza na viongozi, na hivyo kikamtenga na askari wa kawaida. Kwa mwanafunzi wa isimujamii, ungamo hili lina thamani kubwa. Linaonyesha kwamba lugha ya pamoja inaweza kuwa ukuta, endapo upamoja wake ni wa tabaka moja tu. Kila mara Guevara alipoeleweka na afisa kwa Kifaransa, alipungukiwa na haja ya kueleweka na mpiganaji kwa Kiswahili.

Kiswahili chenyewe kimo kitabuni tangu kurasa za mwanzo, ila kimo kama vazi. Wakuba walipofika Dar es Salaam walijipa majina kutoka kwenye kamusi, wakianza na hesabu. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Guevara akawa Tatu, ili asidhaniwe kuwa ndiye mkuu. Carlos Coello alipewa jina la Tumaini. Maneno hayo yalitumika kuficha watu, wala si kufungua mazungumzo. Mazungumzo yalitegemea kijana mmoja wa Kikongo, Freddy Ilanga, aliyekuwa na umri wa chini ya miaka 20, ambaye alipewa kazi ya kumfundisha Tatu lugha na kumtafsiria. Ilanga baadaye alikwenda Cuba, akawa tabibu na kuishi huko hadi kufa kwake mwaka 2005.

Mahali ambapo sauti ya wapiganaji inasikika waziwazi ni katika jibu lao walipotakiwa kubeba mizigo ya chakula na silaha kupanda milimani. Walisema kwamba wao si malori. Na baada ya kuwaona Wakuba wakibeba, wakasema kwamba wao si Wakuba. Guevara analinukuu jibu hilo kwa Kiswahili cha huko, ambamo neno hapana hutumika mahali pa kikanushi si, kama ilivyo kawaida ya baadhi ya lahaja za bara. Analieleza kama kielelezo cha uvivu na utovu wa nidhamu, na msomaji anayezifahamu shida za kambi ile anaweza kumwelewa.

Hata hivyo, jibu hilo lina historia ndani yake. Mashariki mwa Kongo upagazi haukuwa kazi kama kazi nyingine. Ulikuwa sehemu ya misafara ya pembe na watumwa katika karne ya 19, ukawa shuruti chini ya dola ya Mfalme Leopold II kuanzia mwaka 1885, ukaendelea chini ya Ubelgiji baada ya 1908, na katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 uliwachukua Wakongo wengi kuwa wachukuzi wa jeshi la kikoloni katika mapigano ya Afrika Mashariki. Mtu anayesema kwamba yeye si lori anakataa kuhesabiwa miongoni mwa vyombo. Pengine msemaji alikuwa mvivu pia. Mambo haya mawili hayapingani. Lakini kamanda aliyekuja kupigana na urithi wa ukoloni alisomewa urithi huo kwa sentensi moja fupi, naye akasikia uvivu tu. Tatizo hapa halikuwa msamiati, kwani maneno yote aliyaelewa.

Haifai kuikuza hoja hii kupita kiasi. Kabila alikijua Kiswahili, na ujuzi huo haukumleta mstari wa mbele. Wapiganaji wengi walikuwa Wabembe ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani, na wengine walikuwa Wanyarwanda wa uhamishoni wenye lugha yao. Mgawanyiko kati ya Gbenye na Soumialot, mashua za doria ziwani, ndege, na uamuzi wa nchi zilizokutana Accra visingeondolewa na kamusi. Vita hivyo pengine vingeshindwa kwa lugha yoyote. Tofauti ni kwamba asiyejua lugha hachelewi kushinda tu, bali huchelewa hata kutambua kwamba anashindwa. Guevara alihitaji miezi mingi kufahamu mambo ambayo wachukuzi wa mizigo waliyajua tangu wiki ya kwanza.

5.0 Dawa: Guevara na Hussein

Suala la dawa ndilo linalopima uwezo wa kitabu kusoma mawazo ya watu wengine. Guevara anaeleza jinsi mganga alivyowapaka wapiganaji maji ya mitishamba ili risasi zisiwadhuru. Anaeleza pia masharti yake: mpiganaji asiguse kitu kisicho chake, asiguse mwanamke, na asiogope. Anayekufa huhesabiwa kuwa alivunja sharti, na kwa hiyo dawa haiwezi kukanushwa kamwe. Baada ya pigo la Bendera ubishi ulizuka kuhusu dawa hiyo, na Guevara akahofia kwamba siku moja lawama ingewaangukia Wakuba.

Uchambuzi huo ni sahihi kwa kiasi chake, ila umeishia nusu ya njia. Masharti hayo matatu yakitazamwa vizuri ni kanuni za jeshi: usiibe, usinajisi, usikimbie. Ndizo kanuni zile zile ambazo Guevara alihangaika kuzipandikiza kwa hotuba na adhabu. Dawa ilikuwa tayari imezisema kwa lugha ambayo wapiganaji waliiheshimu. Msimulizi anaona imani potofu iliyovaa masharti. Haoni maadili ya vita yaliyovaa imani.

Miaka minne tu baadaye, na kwa mwandishi aliyesoma katika mji ule ule wa Dar es Salaam, Ebrahim Hussein alilitazama jambo hilo kwa jicho jingine. Kinjeketile inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Humo maji hayazuii risasi, na mtunzi hamdanganyi mtazamaji kwamba yanazuia. Lakini Hussein anaonyesha kwamba maji yaliwaunganisha watu waliokuwa wamefarakana, na kwamba Kinjeketile mwenyewe anatambua hatari ya watu kuyategemea maji badala ya kujiandaa. Mwishoni, akiwa mfungwa, anakataa kutamka kwamba maji ni uongo, kwa kuwa anajua kwamba kulikana neno hilo mbele ya mshindi ni kuwafundisha wajukuu kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa.

Ni kweli kwamba Hussein alikuwa na nafasi ambayo Guevara hakuwa nayo. Aliandika zaidi ya miaka 60 baada ya vita, akiwa na uhuru wa mtunzi wa tamthilia, ilhali Guevara aliandika majeraha yakiwa bado mabichi. Tofauti ya msingi, hata hivyo, haiko katika muda. Katika tamthilia, walioshindwa wanabishana wao kwa wao kuhusu sababu za kushindwa. Katika kumbukumbu za Guevara, anayebishana na Guevara ni Guevara peke yake.

6.0 Funzo Lililohamishwa

Je, mwandishi alijifunza? Matukio ya baadaye yanatoa jibu lenye uchungu. Guevara aliingia Bolivia mnamo Novemba 1966. Safari hii hakutaka kurudia kosa la Fizi. Kambini yalianzishwa masomo ya Kikechua. Lakini eneo la Ñancahuazú walikopiga kambi lilikuwa la wenyeji wanaosema Kiguarani. Miongoni mwa waliofuatana naye huko alikuwamo Coello, ambaye jina lake la Kiswahili, Tumaini, lilikuwa limefupishwa kuwa Tuma. Aliuawa mwaka 1967, na Guevara akauawa tarehe 9 Oktoba mwaka huo huo.

Funzo la Fizi lilikuwa limehifadhiwa kama kanuni: jifunze lugha ya wenyeji. Lililoachwa ni swali linalopaswa kuitangulia kanuni hiyo, yaani wenyeji hao ni nani. Huu ndio mtego wa kila anayejifunza kutokana na kushindwa. Huziba tundu lililomponza katika mchezo uliopita, kisha huketi mbele ya ubao mpya akiulinda ule wa zamani.

Kabila alijifunza tofauti. Mwaka 1967 alirudi katika milima ya Fizi, akaanzisha chama chake cha PRP na kujenga ngome ya Hewa Bora, iliyodumu hadi miaka ya 1980. Mwanahistoria Wilungula Balungwe Cosma aliandika habari za ngome hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1997. Mwaka huo huo, tarehe 17 Mei, majeshi ya muungano ulioongozwa na Kabila yaliingia Kinshasa. Hata hivyo, kudumu si sawa na kujifunza, na hali ya Fizi baada ya hapo, ambako makundi ya Mai-Mai yameendelea kubeba silaha na dawa ya maji, haimruhusu mtu kusema kwamba mchezo ulikwisha kwa ushindi wa wenyeji.

7.0 Hitimisho

Kitabu cha Guevara kinastahili kusomwa katika madarasa ya fasihi na ya isimujamii, kwa sababu ni vigumu kupata ushahidi mwingine wa kamanda anayetaja Kiswahili miongoni mwa sababu za kushindwa kwake. Kisomwe kwa heshima kinayostahili, na kisomwe pia kama upande mmoja wa ubao.

Upande wa pili haujapotea wote. Mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati Baraka ilipoanguka mwaka 1965 sasa ni mzee wa miaka 80 au zaidi. Baadhi ya watu wa kizazi hicho na jamaa zao wako Fizi na Baraka. Wengine walivuka ziwa kwa sababu ya vita vilivyofuata, na wengi wa watu wa Fizi wamekuwa wakiishi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, tangu miaka ya 1990. Wanazuoni wa Kiswahili wana lugha ambayo Tatu hakuwa nayo, na wenye kujua Kibembe wana zaidi. Kazi ya kwanza ni kuwauliza wazee hao ni nani aliyesema kwamba yeye si lori, na alitaka kusema nini. Kazi hiyo haiwezi kusubiri sana, kwa kuwa wenye jibu wanapungua kila mwaka.